Vumbi la shimo, picha ya radio na mwili wetu



Siku ile tulipokuwa tukigawa likelemba, mama mmoja wa Likasi alitupa maswali mawili kwa mara moja. La kwanza: mume wake anachimba, kila jioni anarudi na nguo zilizojaa vumbi, na majirani wanasema mawe ya huku kwetu yana moto usioonekana. Ni kweli? La pili: binti yake ana mimba ya miezi minne, anakohoa tangu majuma matatu, munganga ameomba picha ya radio ya kifua, na bibi amekataza kabisa. Wengine walicheka, wakiona ni mambo mawili yasiyopatana. Kumbe ni jambo moja, nalo linaitwa mionzi.

Sisi wa Katanga hatuwezi kusema mambo haya ni ya mbali. Shinkolobwe iko karibu tu na Likasi. Urani ilionekana pale mwaka 1915. Kwanza Wabelgiji walitafuta ndani yake radi, kitu cha bei kali sana wakati ule. Baadaye urani yenyewe ilipakiwa kwenda Marekani, na sehemu kubwa ya ile iliyotengeneza bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika udongo wetu. Mwaka 2004 serikali ilikataza watu kuchimba pale, lakini walikuwa wakitafuta kobalti, na njaa haisomi amri. Mwezi wa saba mwaka uleule shimo likaporomoka, likaua watu. Hao waliuawa na udongo. Mionzi haiui namna ile; inafanya kazi yake polepole, ndiyo sababu watu wengi hawaiamini.

Basi inafanya nini? Mwili wetu umejengwa na seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna kitu ninachokifananisha na patroni ya fundi wa kushona. Seli inapotaka kuzaa seli nyingine, inakata kwa kufuata patroni hiyo. Na patroni hiyo ina nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, ambazo uzi mmoja unaonyesha mwenzake ulivyo.

Mionzi inapopita ndani ya mwili, ni kama cheche ndogo zinazorushwa juu ya patroni. Mara nyingine cheche inakata uzi wenyewe. Mara nyingi zaidi inaangukia maji, kwa maana sehemu kubwa ya seli ni maji. Inayavunja, na vipande vyake vinakuwa vikali, vinashambulia chochote kilicho karibu. Uzi mmoja ukikatika, seli inautengeneza kwa kuangalia ule uliobaki. Kazi hiyo inafanyika ndani yetu kila siku, bila sisi kujua. Lakini nyuzi zote mbili zikikatika mahali pamoja, fundi hana tena pa kuangalia. Anaunga kwa kubahatisha.

Hapo kuna njia mbili. Seli inaweza kufa. Zikifa chache, mwili hausikii kitu. Zikifa nyingi kwa siku moja, mtu anatapika, nywele zinaanguka, damu inapungua, kama ilivyowapata watu wa Hiroshima. Njia ya pili ndiyo ya hila: seli inabaki hai na patroni iliyoharibika, inazaa nyingine zenye kosa lilelile, na baada ya miaka, mara nyingine kumi, ishirini au zaidi, inaweza kuwa kansa. Wakati huo nani atakumbuka vumbi?

Seli zinazozaa haraka ndizo zinaumia zaidi, kwa sababu hazipati nafasi ya kutengeneza kabla ya kukata nguo mpya. Seli za damu ni hivyo, za matumbo ni hivyo, na za mtoto aliye tumboni kupita zote. Jambo hilo lilionyeshwa na mwanamke, munganga Alice Stewart wa Uingereza. Watoto walikuwa wakifa kwa kansa ya damu, na yeye akafikiri kwamba mama wa mtoto anakumbuka mambo ambayo munganga hakuyaandika. Akapanga wamama waulizwe, waliofiwa na wale wenye watoto wazima. Mwaka 1956 akatangaza: wamama waliopigwa radio ya tumbo wakiwa na mimba, watoto wao walipata kansa karibu mara mbili kuliko wengine. Wakubwa wa kazi yake walimpinga miaka mingi. Leo kuangalia mimba kunafanywa kwa ekografi, ambayo ni sauti tu, haina mionzi hii.

Kwa hiyo bibi hakukosa kuogopa, ila ameogopa kupita kiasi. Picha moja ya kifua inatoa mionzi kidogo, karibu sawa na ile ambayo kila mtu anaipata toka ardhini na angani kwa majuma mawili. Tena inalenga kifua, si tumbo. Kifua kikuu kisichotibiwa ni hatari kubwa zaidi kwa mama na kwa mtoto. Binti aseme mapema, kabla ya kuingia chumbani: nina mimba. Na aulize kama wanaweza kupima makohozi kwanza.

Vumbi ni habari nyingine. Urani inatoa mionzi ambayo hata karatasi inaizuia, hata ngozi yetu. Jiwe likiwa mezani, mionzi hiyo haifiki mbali. Vumbi likiingia kifuani linakaa palepale kando ya seli, halina karatasi katikati. Na ndani ya mashimo kuna hewa inayoitwa radoni, isiyo na harufu, inayozaliwa na urani. Wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, walikufa na uvimbe wa mapafu. Waganga waliandika habari zao mwaka 1879, kabla mtu yeyote hajajua neno mionzi.

Si kila shimo la shaba au kobalti lina urani nyingi, lakini huku kwetu mara nyingine zinakaa pamoja, na macho hayawezi kutenga. Basi nguo za kazi zivuliwe nje. Zisikung'utwe, zilowekwe. Zisifuliwe katika beseni moja na nguo za mtoto. Mifuko iliyobeba madini isiwekwe unga, hata ikifuliwa mara tatu, na mawe ya shimoni yasijenge nyumba. Kuchemsha hakuzimi mionzi. Maji yanaondoa vumbi tu. Kitambaa puani kinapunguza vumbi kidogo, radoni hakiizuii. Watoto wasikae kuchambua mawe. Hili la mwisho najua ni rahisi kuandika kuliko kufanya, pale ambapo mawe hayo ndiyo bukari ya jioni.

Yule mama alituambia Jumapili kwamba amepigilia msumari nje, nyuma ya jiko. Koti la baba linalala pale. Binti ataenda hospitali Jumanne, na bibi ameomba kumsindikiza, asikie mwenyewe wakisema ni kifua.