Ndengu za Pongal Hazitaki Magadi

"Mwalimu, ndengu za pongal nitie magadi kiasi gani?" Kila Januari swali hili hunifikia kutoka Karagita hapa Naivasha, na nikijibu kwamba hayatiwi hata chembe, anayeuliza hupunguza kipimo badala ya kuacha. Basi nusu kijiko? Basi kidogo tu, cha kushika kwa vidole viwili? Hapana. Nalijibu hapa kwa kirefu ili lisirudi tena.

Wanaouliza ni watu waliojifunza pongal tamu, ile ambayo Watamili huiita sakkarai pongal, katika majiko ya familia za Wahindi wa kusini waliofuata kazi ya maua Naivasha. Hawana haja ya kuelezwa sikukuu yenyewe, inayoangukia tarehe 14 au 15 Januari, wala kwamba chungu huachwa kifurike makusudi huku waliokizunguka wakipaza sauti "Pongalo pongal!" Mchele wanaujua, ndengu zilizokobolewa na kupasuliwa wanazijua, na sukari nguru, samli, iliki na korosho pia. Kinachowashinda ni kitu kimoja: uji umeshakuwa mtamu na mzito, lakini ukitafuna ndengu unakuta kiini kigumu. Hapo jirani wa ploti hutoa ushauri: tia magadi, kama unavyotia kwenye githeri.

Magadi yanalainisha nafaka na mboga, sikatai. Kinachoshikilia chembe za ndengu pamoja ni pektini, na pektini hiyo hukazwa na kalisiamu. Magadi huyageuza maji kuwa ya alkali, na katika maji ya alkali pektini hukatika upesi na ganda hulegea. Ndiyo maana mrenda na kunde huiva haraka, na ndiyo maana mahindi makavu ya githeri hukubali. Lakini ndengu ya pongal imeshakobolewa. Ganda ambalo magadi yangelilegeza halipo tena, na kwa kuwa imepasuliwa, maji huingia ndani yake bila kizuizi. Ndengu ya namna hii ikipikwa kwa maji matupu husambaratika yenyewe kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Ikikataa, mara nyingi tatizo haliko kwenye ndengu. Karibu kila mara nikimuuliza mpishi alitia nguru saa ngapi, jibu ni lile lile: mapema, pamoja na mchele, ili utamu uingie.

Hapo ndipo kosa lilipo. Nguru huja na kalisiamu kutoka kwenye miwa na kutoka kwenye chokaa inayotiwa kusafishia maji ya miwa yanapochemshwa. Ina asidi kidogo. Na sukari yenyewe huyashika maji ambayo ndengu ingeyanywa. Mambo hayo matatu yote hukaza pektini au kuchelewesha kuvunjika kwake, kwa hiyo ndengu ikishaogeshwa nguru kabla haijaiva, kuiva kwake hukaribia kusimama. Wapishi wa Boston kule Marekani huitumia kanuni hii kwa faida yao: maharagwe yao hupikwa na molasi kwa saa nyingi sana, na bado yanatoka punje nzima nzima. Wao wanataka punje nzima, sisi tunataka uji.

Sasa angalia kinachotokea magadi yanapotiwa juu ya nguru. Sufuria hutoa povu jingi ghafla. Mpishi hufurahi akidhani dawa imefanya kazi, kumbe anachokiona ni asidi ya nguru ikipambana na magadi na kuyamaliza nguvu, huku hewa ikitoka. Povu likitulia, ndengu ni ngumu vile vile, basi huongeza magadi. Safari hii asidi imekwisha na alkali inabaki. Pongal hupoteza rangi yake ya dhahabu na kuwa ya udongo uliokolea, na ukiileta puani unasikia sabuni kabla hujaisikia iliki. Nimewekewa sahani kama hiyo na mtu aliyenunua samli halisi na korosho za bei. Iliniuma, kwa sababu gharama yote ile iliharibiwa na kitu cha shilingi chache ambacho hakikuhitajika. Na vitamini B1, ambayo ni moja ya sababu za kula ndengu, haistahimili alkali na moto kwa pamoja.

Hasara hizo za ladha na vitamini bado ni ndogo. Linalonikosesha uvumilivu ni floraidi. Mkazi wa Karagita hahitaji kuambiwa meno ya kahawia yanatoka wapi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, na hiyo hutokana na miamba ya volkano iliyo chini yetu. Magadi nayo ni zao la Bonde hili hili, na huja na floraidi yake. Kaskazini mwa Tanzania, ambako maji yana tabia kama ya kwetu, watafiti walishayataja magadi ya kupikia kuwa mojawapo ya njia ambazo floraidi huwafikia watoto. Meno ya kudumu ya mtoto hujengeka ndani ya ufizi katika miaka yake minane hivi ya kwanza, na doa linalowekwa wakati huo halifutiki kwa mswaki wala kwa mkaa. Pongal ni chakula ambacho watoto ndio hulamba mwiko wake. Kuichukua sufuria iliyojaa maji ya kisima kisha kuiongezea magadi ni kumpa mtoto dozi mbili kwa mkupuo mmoja.

Na tafadhali, tuache kusema maji yakichemshwa sana floraidi hutoka. Haitoki. Maji hupungua, floraidi hubaki, kwa hiyo kila lita iliyosalia ina floraidi zaidi ya mwanzo. Inayoiondoa ni michujo ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi kubwa kuieneza. Maji safi ya mvua, kama una tangi, hayana shida hiyo tangu mwanzo.

Wengine hunijibu kwamba shosho zao walitumia munyu maisha yao yote. Munyu wa Magharibi ni maji yaliyochujwa kwenye jivu la maganda ya maharagwe au ya ndizi, na shosho aliutia kwenye mboga chungu, kidogo kidogo. Hakuutia kwenye kitu kitamu. Huwezi kumtumia shosho kama shahidi wa jambo ambalo hakulifanya.

Lipo jambo la kweli linalowachelewesha wapishi wa Naivasha, nalo ni mwinuko. Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mapishi yaliyoandikwa Chennai yanayosema dakika ishirini yanadhani uko pwani. Ongeza muda.

Fanya hivi. Nunua ndengu kwa mwenye duka anayeuza upesi, maana zilizokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma hata kwa maji matupu. Ukikosa zilizopasuliwa, loweka nzima usiku kucha na uzisugue maganda yatoke. Kaanga nusu kikombe kwenye samli kidogo hadi zinukie, tia kikombe cha mchele na vikombe sita vya maji, funika, moto mdogo. Mwenye presha kuka ataokoa mkaa au gesi ya meko kuliko magadi yatakavyowahi kumwokolea. Punje ikibonyezwa kwa vidole ipakike bila kiini. Kabla ya hapo usiguse nguru. Kikombe kimoja na nusu cha nguru iliyopondwa uyeyushe kando kwa maji kidogo, uchuje mchanga na makapi ya miwa, ndipo umimine. Dakika kumi za kukoroga, samli, iliki, korosho na zabibu zilizokaangwa, epua. Mgonjwa wa kisukari ale kijiko au aache kabisa, kwa sababu nguru ni sukari, na rangi yake ya kahawia haibadilishi hilo. Anayependa maziwa ayapike na mchele na ndengu tangu mwanzo, au asubiri sufuria ipoe kidogo ndipo ayatie. Yakikutana na nguru inayochemka hukatika, na hilo nalo magadi si dawa yake.