Ndege Kubwa na Walioiunda

Habari za ndege iitwayo Boeing 747 zisimuliwapo, huanza na mabwana wawili: Juan Trippe, mkuu wa shirika la Pan American, aliyetaka ndege ya kubeba abiria zaidi ya mara mbili ya zile alizokuwa nazo, na William Allen, mkuu wa Boeing, aliyekubali kuiunda. Aprili 1966 ziliagizwa ndege 25. Hatukatai kwamba mabwana hao walithubutu. Lakini twauliza: ni akina nani walioziunda, nao walipata nini?

Wakati ule hapakuwapo hata kiwanda cha kuitosha ndege hiyo. Msitu ulifyekwa huko Everett, kaskazini ya mji wa Seattle, na kielelezo chake kikaundwa kabla paa halijakamilika. Mhandisi Joe Sutter na wenziwe waliikataa fikira ya kwanza ya kupanga abiria katika ghorofa mbili, mbele hadi nyuma. Wakachagua kiwiliwili kipana chenye njia mbili baina ya viti. Chumba cha rubani kilipandishwa juu ili pua iweze kufunguliwa na shehena kuingizwa, kwani iliaminika kwamba abiria wangechukuliwa upesi na ndege zipitazo mwendo wa sauti, na hii ingebaki ya mizigo. Nundu ijulikanayo duniani kote ni alama ya utabiri ambao haukutimia.

Watu wapatao 50,000, mafundi, wahandisi na makarani, waliikamilisha kazi hiyo kwa muda usiofika miaka miwili na nusu. Ndege ya kwanza ilitolewa nje Septemba 30, 1968, ikaruka Februari 9, 1969. Injini zilichelewa, hata ndege zilizokwisha kuundwa zikasimama kiwanjani zimefungwa mapande ya zege mahali pa injini. Safari ya kwanza ya abiria, New York hadi London, ilipangwa Januari 21, 1970. Injini ikapata moto kupita kiasi, abiria wakahamishiwa ndege nyingine, wakaondoka kama saa nane za usiku.

Kisha wanunuzi wakatoweka. Deni la mabenki lilikuwa zito, na Machi 1971 Bunge la Marekani likakata fedha za ndege ya mwendo wa sauti. Wafanyakazi wa kampuni katika eneo la Seattle waliokuwa karibu 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1960, wakabaki chini ya 40,000 mwaka 1971. Kosa la hesabu lilikuwa la wakubwa. Walioachishwa kazi ni wale ambao mikono yao haikukosea. Mwaka huo wakazi wawili walikodi ubao kando ya barabara ya Seattle, wakamwomba mtu wa mwisho kuuhama mji azime taa.

Kampuni haikufa. Ziliundwa ndege 1,574 za aina hiyo, na ya mwisho, ya mizigo, ilikabidhiwa Everett Januari 31, 2023, mbele ya maelfu ya watu, wakiwamo wafanyakazi wa zamani.