Vuta Soksi Zako!

Kila muhula ukifungwa, ripoti zetu hufika nyumbani na maneno yale yale: “Pull up your socks.” Muhula uliopita ndugu yangu mdogo alimtafsiria nyanya yetu neno kwa neno, kwamba mwalimu anataka nivute soksi zangu. Nyanya akashangaa sana, kwani zile alizoninunulia Januari zilikuwa ndefu za kutosha!

Maana ya nahau hiyo ni kwamba mwanafunzi amelegea, aongeze bidii. Kiswahili kina yake: jifunge kibwebwe, ama ile ya mtaani, kaza buti. Mwingereza yuko kwenye soksi, sisi tuko kwenye buti. Walimu wetu wapendwa wangeandika hivyo, nyanya angenijia juu siku hiyo hiyo bila mkalimani. Ripoti si huandikiwa mzazi jamani?

Basi tutazame nyingine. “To spill the beans” ni kumwaga maharagwe, lakini sufuria haimo. Ni kutoa siri nje. Wazee wetu walikataza kumwaga mtama penye kuku wengi. Kwao maharagwe, kwetu mtama, siri ni ile ile.

“To kick the bucket”, kupiga ndoo teke, ni kufa. Hapa tahadhari! Ni maneno ya mzaha, sawa na kusema fulani amekata kamba. Usiende nayo matangani. Mbele ya mfiwa tunasema marehemu ameaga dunia.

Jambo linalotokea kwa nadra, wao husema hutokea “once in a blue moon”, yaani mwezi ukiwa wa samawati. Mwezi mpevu huonekana kila baada ya siku 29 na nusu hivi, kwa hivyo mara mojamoja huja mara mbili katika mwezi mmoja wa kalenda. Agosti 2023 ulikuja tarehe 1 na tarehe 31. Huo wa pili ndio huitwa wa samawati, ingawa rangi yake ni ya kawaida tu. Sisi husema adimu kama maziwa ya kuku. Mwezi wa Mwingereza angalau hupatikana. Hayo maziwa sijayaona.

Inayoniudhi ni “mwisho wa siku”, ambayo tunaimwaga ovyo hata kwenye midahalo ya chama chetu. Imetolewa kwa “at the end of the day”, maana yake baada ya kuzingatia yote. Sasa mwambie kibarua asiyejua Kiingereza kwamba mwisho wa siku atalipwa. Si atangoja pesa zake jioni hiyo hiyo? Tunazo hatimaye na mwishowe, tena ni fupi.

“To burn the midnight oil” nayo ni kuchoma mafuta usiku wa manane, yaani kusoma hadi usiku sana. Wenye stima nyumbani wataishia kwenye maana hiyo. Sisi wa koroboi tunajua pia bei ya mafuta yenyewe.