Dawati Lipimwe kwa Mtoto, si kwa Hesabu ya Zabuni

Neno “dawati” tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni chombo cha wino. Waswahili wakalipanua likawa kisanduku cha mwandishi, chenye wino, kalamu na karatasi zake, na hatimaye likawa samani anayoketia na kuandikia mwanafunzi. Tangu mwanzo, basi, neno hili limeangalia wino na karatasi, wala si mgongo wa anayeandika. Sidai kwamba historia ya neno ndiyo iliyotuletea taabu za madarasani mwetu. Hayo yangekuwa madai ya mtu aliyekaa na kamusi kupita kiasi. Hata hivyo, kila ninaposikia hotuba kuhusu madawati, huona kwamba anayezungumziwa ni dawati, na mtoto ametajwa kama idadi tu.

Kazi yangu hunipeleka mara kwa mara katika shule za Busia na Malaba, kuwakagua wanafunzi wetu wa ualimu walio katika mazoezi ya kufundisha. Mkaguzi huketishwa nyuma kabisa ya darasa. Aliye mbele huona nyuso. Aliye nyuma huona migongo, na migongo haijui kumstahi mgeni. Katika darasa la watoto wadogo utaona miguu ikining’inia hewani kama ya kuku aliyeshikwa mbawa. Ukingo wa benchi unayabana mapaja, damu haitembei vyema, na baada ya robo saa mtoto anaanza kujisogeza. Mwalimu humkemea atulie. Anaposogea mbele ili nyayo zifike chini, analikosa egemeo, na mgongo unapinda kama upinde. Ukivuka ua na kuingia kwa wale wakubwa utakuta kinyume chake: magoti yanagonga ubao kwa chini, basi kijana anaitoa miguu njiani na kuandika akiwa amejipinda kiunoni. Madawati ya vyumba hivyo viwili ni ya kipimo kimoja.

Imekuwaje hata ikawa hivi? Naona jibu limo katika namna tulivyoyapata madawati yenyewe. Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, na Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, watoto walimiminika kwa wingi usiowahi kuonekana, na pande zote mbili za mpaka huu wetu wengi waliketi sakafuni. Tanzania nayo ilipoondoa ada mwaka 2016, uhaba ulidhihirika mara moja. Serikali ya Rais John Magufuli ikawapa wakuu wa mikoa hadi mwisho wa Juni mwaka huo kuhakikisha hakuna mwanafunzi anayekaa chini, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 za Tanzania lilizobana katika matumizi yake ili zitengenezewe madawati. Hapa Kenya, mnamo Mei 2020, katika siku ngumu za Korona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ununuzi wa madawati 250,000 yatakayoundwa na mafundi wa humu nchini.

Siyabezi hayo hata kidogo. Anayeketi kwenye vumbi, penye funza na baridi ya asubuhi, hana haja ya kusomewa mhadhara juu ya egemeo. Lakini kampeni ya namna hiyo hupimwa kwa hesabu: yalihitajika mangapi, yametolewa mangapi, yamepungua mangapi. Kiongozi hupigwa picha kando ya rundo la madawati mapya, yote sawasawa kama matofali. Hakuna aliyeulizwa mtoto atakayeyakalia ana kimo gani. Hesabu ilifaa kwa dharura. Kasoro ni kwamba dharura ilipokwisha, mtindo wa kununua ulibaki ule ule.

Sasa suala hili limezidi uzito. Tangu Januari 2023 wanafunzi wa sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, wamewekwa katika shule za msingi. Sina ugomvi na uamuzi wenyewe kwa leo. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka 14 au 15, aliye katika umri wa kurefuka mwezi hata mwezi, ameachwa katika ua ambao samani zake nyingi ziliundwa kwa ajili ya wadogo zake. Mitaala ilibadilishwa, vitabu vikachapishwa upya, walimu wakapewa mafunzo. Benchi halikukumbukwa. Msichana aliyevaa sketi, ambaye magoti yake hayaingii chini ya ubao, hukaa kipindi kizima akifikiria namna alivyokaa. Hiyo hesabu ya milinganyo ataisikia kwa sikio lipi?

Kipimo chenyewe si elimu ya siri. Mtoto akiketi, nyayo zote mbili zitue sakafuni na goti lifanye pembe mraba. Ubao wa kuandikia uwe usawa wa kiwiko chake au juu yake kidogo tu. Wenzetu wa Ulaya wameyaandika haya katika kiwango kiitwacho EN 1729, kilichotolewa mwaka 2006. Humo, mtoto mwenye kimo cha kati ya sentimita 108 na 121 hupewa kiti cha sentimita 31, na mwenye 146 hadi 176 hupewa cha sentimita 43. Tofauti ni sentimita 12, karibu upana wa kiganja na nusu. Viwango hivyo vilipimwa kwa watoto wa kwao, na sisemi tuvinakili. Rula na ukuta vipo katika kila shule ya Busia. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapima wanafunzi wake wote kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti katika kipindi kimoja, na takwimu atakazopata zikawa somo zuri kuliko lile la kitabuni.

Tena mafundi tunao. Kando ya barabara za Busia na Malaba waseremala na wachomeleaji wanafanya kazi tangu alfajiri, na mbao zinapita mlangoni mwao kwenye malori yatokayo Uganda na Kongo, hasa tangu Kenya ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya serikali mwaka 2018. Fundi aundaye kitanda kwa kipimo cha mteja hashindwi kuunda benchi la vipimo vitatu. Bali barua anayoletewa na shule husema “madawati 40” na bei, basi. Naye ni mfanyabiashara. Ataunda lililo rahisi.

Nimesikia walimu wakuu wakipinga kwamba madawati huhamishwahamishwa, hivyo vipimo vitavurugika kabla ya muhula kwisha. Hoja hii ina uzito, ila dawa yake ni kopo la rangi: mguu mwekundu kwa wadogo, wa kijani kwa wa kati, wa buluu kwa wakubwa. Anayeandika kwa mkono wa kushoto naye akae mwisho wa benchi upande wa kushoto, ili kiko chake kisigongane na cha jirani. Hili halina gharama yoyote, na bado ni nadra kuliona.

Kwa walimu nitaongeza jambo moja, maana madawati mapya hayaji kesho. Hata benchi lililopimwa vyema halimfai mtu kulikalia bila kuinuka. Katika sekondari msingi, vipindi viwili vya somo moja vikifuatana ni dakika 80. Baada ya kile cha kwanza, waambieni wasimame, wanyooshe viungo, wajibu maswali mawili matatu wakiwa wima. Na yule mdogo ambaye miguu yake haifiki chini, apewe tofali au kipande cha gogo cha kukanyagia. Vipande vya magogo havikosekani nyuma ya jiko la shule.