Mti wa Bunduki ya Zamani: Wa Kweli ao wa Kuigwa?

Babu zetu waliokuwa askari wa Force Publique walibeba Mauser ya 1889. Kiwanda cha FN, ku Herstal karibu na Liège, kilianzishwa mwaka ule ule kusudi kitengeneze bunduki hizo 150.000 kwa jeshi la Ubelgiji. Leo wenye kukusanya vitu vya vita wanazilipia feza nyingi, na wajanja wanachonga miti mipya wanaizeesha. Tutajuaje?

Tusianze na rangi. Mtu anapaka dawa, jioni mti umekuwa mzee! Kwanza tuhakikishe hamna risasi, kisha tutoe visi na chuma cha kitako, tuangalie ndani. Mti wa jeshi ulikunywa mafuta miaka mingi: ndani uko mweusi-mweusi, na chuma kimeacha alama yake. Ule ulio mweusi inje na mweupe ndani, tuushuku. Tena tupitishe kidole pale mbao inakutana na chuma. Mara nyingi fundi wa kwanza aliacha mbao juu kidogo. Kama imeshuka, watu waliisugua.

Kisha muhuri. Wa zamani umechakaa pamoja na mbao, taka imejaa ndani. Muhuri wenye makali juu ya mbao iliyochakaa, huo umepigwa juzi.

Namba peke yake haitoshi, sababu jeshi lenyewe lilibadilisha miti iliyovunjika. Mti kama huo si wa bunduki ile tangu mwanzo, lakini uongo pia hauko. Hapo hata wenye kujua wanabishana.