Nyangumi wa Turkana

Nyangumi wa Turkana ni kisukuku cha nyangumi kilichopatikana Loperot, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 17, yaani ni wa kipindi cha Miosini. Mahali kilipochimbuliwa pako kilomita 740 kutoka pwani ya leo ya Bahari Hindi, tena mita 620 juu ya usawa wa bahari. Nyangumi hapandi mlima. Kwa hiyo mfupa huo umewasaidia wataalamu kujibu swali gumu: nyanda za juu za Afrika Mashariki zilianza kuinuka lini?

Mnyama mwenyewe

Alikuwa wa familia Ziphiidae, nyangumi wenye meno ambao mdomo wao umechongoka kama wa pomboo. Ni ndugu wa mbali wa pomboo wanaoonekana Kizimkazi, Zanzibar, lakini huishi mbali na ufuko na huzamia kina kirefu kutafuta ngisi. Huyu alikuwa na urefu wa mita 7 hivi.

Kupatikana, kupotea na kupatikana tena

Kisukuku kiligunduliwa mwaka 1964 na Mmarekani James Mead, aliyetoa maelezo yake ya kitaalamu mwaka 1975. Baadaye hakikujulikana kilipo. Louis Jacobs, aliyewahi kuongoza idara ya paleontolojia katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alikitafuta kwa miaka mingi hadi kilipoonekana mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kumbe kilikuwa ghalani muda wote! Mwanafunzi anayedhani kuandika lebo na daftari la ghala ni kazi ndogo na aufikirie mkasa huu.

Mfupa unavyopima ardhi

Mwaka 2015 Henry Wichura wa Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, pamoja na Jacobs na wenzao, walichapisha hoja ifuatayo. Mabaki hayo yalikuwa pamoja na ya wanyama wa nchi kavu na wa maji baridi, kwa hiyo Loperot haikuwa bahari. Nyangumi alipotea njia, akaingia mtoni na kuogelea mamia ya kilomita hadi akafa. Jambo hilo hutokea hata sasa: mwaka 1966 nyangumi mweupe alipanda mto Rhine hadi Bonn, Ujerumani. Lakini safari kama hiyo inahitaji mto mpana, wenye kina, usio na maporomoko, unaotiririka katika nchi karibu tambarare. Kwa hesabu yao, Loperot ilikuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari. Tangu hapo imeinuliwa mita 590 hivi na nguvu za chini ya ardhi, na kuinuka huko kulianza kati ya miaka milioni 17 na 13.5 iliyopita.

Ardhi ilipoinuka ilizuia unyevu wa Bahari Hindi. Misitu ikapungua, mbuga za nyasi zikaenea, na ndimo mababu wa binadamu walimotokea baadaye.

Kwa nini visukuku vingine haviwezi

Msomaji wa Mbeya au Iringa anaweza kuuliza kama visukuku vya kwao vingetumika vivyo hivyo. Katika bonde la Rukwa, mkoani Mbeya na jirani zake, yamepatikana mabaki ya Rukwapithecus, jamaa wa kale wa masokwe, wa miaka milioni 25 iliyopita; umri huo ulipimwa kwa majivu ya volkeno. Karibu na mji wa Iringa, Isimila, kuna zana za mawe na mifupa ya viboko wa kale. Hazina hizo ni kubwa, lakini kiboko huthibitisha maji tu, si kimo: huweza kuishi Isimila kwenye baridi, na huweza kuishi Rufiji karibu na bahari. Nyani naye hupatikana joto la Kyela na milima ya Mbeya vilevile. Nyangumi hana hiari hiyo. Popote alipofia, maji yake yalikuwa yameunganika na bahari.