Jina la Gari Likishakufa

Ndugu msikilizaji, jina la gari likishakufa, je, laweza kufufuliwa? Mimi nasema laweza, mradi lisiwe limekaa kaburini muda mrefu mno.

Mini ya Uingereza ilitoka mwaka 1959. Ile ya kale ilipokoma mwaka 2000, BMW ya Ujerumani, ambayo ilikuwa imekwishalinunua jina hilo, ilileta mpya mwaka uliofuata. Taa zilikuwa zilezile za mviringo, lakini injini na mitambo yote mipya. (Tena binti alimzidi mama kwa unene!) Waliojifunza kuendesha kwa ile ya kwanza walikuwa bado hai, na sasa wana fedha mfukoni. Mpaka leo inaundwa Oxford.

Sasa tazama Borgward ya Bremen, Ujerumani. Ilifilisika mwaka 1961. Mwaka 2015 ikarudishwa kwa mtaji wa Kichina. Nani alikuwa akiikumbuka? Kwa macho yangu, ilikuwa nembo tu iliyobandikwa kwenye gari lisilo na tofauti na mengine sokoni. Mwaka 2022 ikafilisika tena. Nami nawafikiria wale walioinunua: vipuri watavipata wapi?